Mzee wa Koti Jeusi

"Bibi, nimejificha kwenye mahindi."

Simu ilinikuta nyumbani kwangu Lupepo, namenya ndizi. Sauti ya mjukuu wangu Veronika ilikuwa ya chini, kama mtu anayenong'ona kanisani.

"Umemficha nani?"

"Nimejificha mimi. Amekuja, yule mzee wa koti jeusi. Amesimama juu ya shamba na fimbo yake."

"Amekuona uso?"

"Hapana. Nilitupa ndoo, nikakimbia."

"Umefanya vizuri. Kaa humo humo mpaka apite."

Msomaji, usicheke kwanza. Kwetu Rungwe, kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, hatamki jina lake, hali naye bakuli moja. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia, anaingia shambani, anageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Tunaita ukutila. Siyo chuki, ni heshima. Vijana wengi wameacha, hasa wa mjini. Lakini nyumba ya Ambindwile wa Isongole haijaacha, na Veronika alikuwa anataka kuolewa kwenye nyumba hiyo.

Veronika ni fundi cherehani pale Makandana. Amekulia mjini kwa mama yake, jembe amelishika shuleni tu. Lugano, mtoto wa Ambindwile, alimletea suruali ya kupunguza. Suruali ikapunguzwa siku moja, yeye akaendelea kuja miezi minne. Sasa wana miaka miwili. Kijana mwenyewe nimemwona, mpole, analima na baba yake na siku nyingine anaendesha bodaboda.

Tatizo lilikuwa mzee. Lugano alipomweleza, mzee hakupiga kelele. Alisema mikono iliyozoea kitambaa haitainua tuta la Isongole, na kwamba viazi vya msimu huu vikishauzwa atatuma mshenga kwingine, kwa binti wa watu wanaolima chai, watu anaowajua. Veronika mwenyewe hakuwahi kumwona wala hakutaka kumwona.

Aliyetoa njia ni Prisca, dada wa huyo mzee. Shangazi huyo ana maneno machache lakini kaka yake anamsikiliza. Alimwambia Lugano hivi:

"Mlete siku ya kuchimba viazi. Baba yako atakuwa hospitali Tukuyu na mgongo wake. Nitawaambia watu ni msichana amekuja kunisaidia. Nitampa matuta yake kumi na mawili. Akiyamaliza kabla ya jioni, nitasema na kaka. Akishindwa, msinisumbue tena."

Mimi nikamfundisha mjukuu wangu adabu zote, maana kwenye shamba la watu lolote linaweza kutokea. Nikamwambia kwamba baba mkwe wake huyo nilimwona mara moja, msibani. Mzee mrefu, koti jeusi, kofia, fimbo. Lugano alitaka kumwonyesha picha ya baba yake kwenye simu, Veronika akafumba macho. Nilikuwa nimemwambia hata picha haitazamwi.

Basi asubuhi ile Lugano alimshusha shambani kwa pikipiki, akaenda Kiwira kutafuta magunia. Ukungu ulikuwa bado umelala chini. Wachimbaji walikuwa kama kumi, majirani wanaosaidiana, leo kwako kesho kwangu. Veronika akapewa matuta ya chini kabisa, mpakani na mahindi ya jirani.

Tuta la kwanza lilimtia aibu. Alipiga jembe juu, katikati, na kila alipoinua alikuta kiazi kimekatwa vipande viwili. Kiazi kilichokatwa hakiingii kwenye gunia, kinaozesha wenzake. Ndipo mzee wa koti akatokea juu, na Veronika akakimbilia kwenye mahindi kunipigia simu.

Alipotoka, alimkuta mzee mwingine kwenye tuta lake. Mfupi, sweta la kijani limetoboka viwiko, buti za mvua, jembe lake kando. Ameinama, anaokota vile viazi vilivyokatwa, kimoja kimoja, anavitazama kama anayetazama jino lililong'olewa.

"Shikamoo, babu," akasema Veronika, akampa mkono. Mzee akaupokea.

"Marahaba. Ni wewe umeua hivi?"

"Ni mimi."

"Vimekukosea nini?"

Veronika akacheka, akamwambia jembe ni geni kwake ila kazi ataimaliza, matuta yote kumi na mawili. Mzee akatazama matuta, akamtazama yeye, akatazama viatu vyake vya raba.

"Gwe mtoto, hilo jembe siyo sindano. Usichome utosini. Ingia pembeni mwa tuta, chini, halafu inua. Kiazi kitoke na mama yake."

Akamwonyesha mara mbili. Mara ya tatu Veronika akainua shina zima, viazi saba, vyote vizima. Mzee hakumsifu, akachukua ndoo akaanza kuokota. Kule Isongole watu huchimba wawili wawili, mmoja jembe na mwingine ndoo, na mzee alikuwa hana mwenzake. Ndivyo walivyoanza.

Veronika aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuongea na mzee namna ile. Alimtania sweta lake, akamwambia mbuzi amelianza na panya amelimalizia. Mzee akajibu kuwa viwiko vyake vinapenda kuona njia. Alimwuliza kwa nini umri ule anafanya vibarua vya watu. Mzee akalionja swali hilo, akasema akikaa nyumbani mgongo unauma zaidi.

Mara tatu mzee wa koti aliposhuka kukagua, mara tatu Veronika alitupa jembe akaruka kwenye mahindi. Mara ya tatu alirudi ana majani kichwani na mzee wa sweta amesimama anamngoja, mikono kiunoni.

"Balozi amekufanya nini?"

"Ndiye balozi?"

"Balozi wa nyumba kumi, ndiye anayesimamia kazi hizi za kusaidiana. Mtu mpole, hajawahi kumgombeza hata kuku. Ameniuliza kwa nini unamkimbia. Anafikiri ana harufu."

Veronika akaona aibu, akasema kwa kunong'ona:

"Ni baba mkwe wangu. Bado, lakini atakuwa."

Mzee akatabasamu polepole. Balozi kweli ana mtoto wa kiume, Wilson, na kila mtu anajua anatafuta mke.

"Kumbe. Basi kimbia, mwanangu, usije ukamtazama. Siku hizi nani anakimbia tena? Wanawapungia mikono wakwe zao kama wanaaga basi."

Toka hapo, balozi alipoonekana, mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mahindi." Na Veronika anaruka.

Saa saba chakula kikaja. Prisca alikuwa anapika nyumbani, akatuma viazi vya kuchemsha na maziwa mgando, bakuli moja kwa watu wawili. Wakala pamoja wamekaa kwenye gunia. Hapo mzee akaanza kusema ya moyoni.

"Balozi ana bahati. Mimi mwanangu anataka kuniletea msichana wa mjini."

"Ana ubaya gani?"

"Simjui."

"Sasa ubaya umetoka wapi, babu?"

"Kazi ya hapa inataka mtu. Mama yake marehemu aliinama kwenye matuta mpaka siku yake ya mwisho. Nitamweka nani mahali pake, mtu wa kukaa kivulini?"

"Uliwahi kumpa jembe ukaona?"

"Hapana."

"Basi umemhukumu mtu hujamsikia. Hata wezi wanasikilizwa."

Mzee akatafuna kiazi muda mrefu, halafu akasema mtoto wa mtu ana mdomo. Akamsukumia bakuli amalizie maziwa.

Mchana wingu likaanza kushuka kutoka mlima Rungwe. Viazi vikishachimbwa halafu vikanyeshewa, haviwekeki. Watu wakaongeza mwendo. Veronika alikuwa amemaliza saba, malengelenge yamepasuka, amefunga kitambaa mkononi. Mzee alipiga magoti kuvitoa vya ndani kwa vidole, na alipotaka kuinuka mgongo ukakataa. Veronika akamshika mkono, akaanza kumvuta taratibu. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa kwa mkono mwingine. Ujumbe wa Lugano:

*Vero baba hakwenda hosp. Nimekutana na boda wake kasema mzee aligeuzia njiani akarudi shamba. Ni mfupi, sweta la kijani, buti za mvua. Usimsogelee. Nakuja.*

Akasoma mara ya kwanza. Akautazama mkono aliokuwa ameushika. Akasoma tena.

Mtu mwingine angeuachia. Yeye hakuuachia, maana mzee angeanguka. Alivuta mpaka mzee akanyooka, akahakikisha amesimama, akamkabidhi jembe lake aegemee. Ndipo akanipigia mimi simu, akiwa amesogea hatua ishirini.

"Bibi, mzee wa koti siyo yeye."

Akanisomea ujumbe. Ndizi nilizokuwa nazo zilianguka. Msibani, mwanamke aliyekaa nami alinionyesha kwa kidevu tu, "Ambindwile ni yule pale," na pale palikuwa na wazee wawili wamesimama pamoja, mmoja mrefu wa koti, mwingine mfupi. Nikamchukua mrefu. Niliona ndiye anayefanana na mwenye shamba.

"Umempa mkono?" nikauliza.

"Nimempa."

"Umekula naye?"

"Bakuli moja. Nimemwambia anahukumu watu kuliko mahakama ya wezi."

"Yesu wangu. Toka shambani sasa hivi. Nenda barabarani, panda pikipiki yoyote, rudi Makandana. Mimi nitakuja kuomba radhi."

"Yamebaki matuta matano, bibi."

"Matuta ya nani tena?"

"Yangu. Shangazi alinipa kumi na mawili."

"Mwanangu, hilo limeharibika."

"Nikikimbia ataambiwa jioni na watu wengine, aone nilimchezea. Nitamwambia mwenyewe. Halafu nitachimba matano yangu. Akinikataa anikatae nimemaliza."

Nilikuwa na la kusema, lakini mtoto huyo akishaamua sauti yake inakuwa tambarare kama meza. Nikamwambia haya, funika kichwa, usimtazame. Akakata simu.

Alifungua kanga kiunoni akajifunika kichwa. Akarudi kwenye tuta, akasimama amempa mzee mgongo.

"Mzee, nina neno."

"Leo asubuhi nilikuwa babu. Mbona umenigeuzia mgongo?"

"Nilikosea. Mzee wa koti siyo mkwe wangu. Nilielekezwa vibaya."

"Mkweo ni nani, basi?"

"Siwezi kutaja jina lake."

Upepo ulikuwa unalaza mahindi. Veronika akavuta pumzi.

"Mimi ni fundi cherehani wa Makandana. Aliyenileta asubuhi ni Lugano."

Alisikia jembe likichomekwa ardhini. Halafu akasikia buti zikiondoka, haraka, haraka kuliko mgongo ule ulivyoruhusu, mpaka zikapotea. Alipogeuka, jembe la mzee lilikuwa limechomekwa kwenye tuta peke yake.

Basi akachimba. Sasa hakuna wa ndoo, akawa anachimba mashina matano, anaokota, anachimba tena. Alilia, lakini kwa kilio kile kisichosimamisha mkono. Wenzake walikuwa wanamaliza, wanafunga magunia, wanaondoka kwa kuogopa mvua. Prisca akashuka kutoka nyumbani kukagua, akamkuta kwenye tuta la kumi. Veronika akamweleza yote bila kupunguza.

Prisca akakaa chini juu ya gunia.

"Mliongea?"

"Kutwa nzima, shangazi."

"Na ulipomwambia, akasemaje?"

"Aliondoka."

Prisca akalitazama lile jembe lililosimama peke yake.

"Kaka yangu miaka yote hii hajawahi kuacha jembe shambani. Hata siku ya msiba wa mkewe alirudi nalo." Akatikisa kichwa. "Nenda nyumbani, mwanangu. Mvua hiyo. Sina la kumwambia tena."

"Nitakwenda likiisha la kumi na mbili."

"Kwa faida ya nani?"

"Ulisema nikimaliza. Hukusema nikipendwa."

Prisca alikaa pale akimtazama kwa tuta zima. Halafu akainuka, akakunja sketi, akachukua ndoo. Akaokota nyuma yake mpaka mwisho.

Mvua ya kwanza, ile ya matone makubwa, iliwakuta wanafunika gunia la mwisho kwa turubai. Matuta kumi na mawili. Prisca akaenda kuita vijana wa kubeba. Veronika akaburuta miguu mpaka kwenye njia, ile njia moja inayotoka shambani kwenda nyumbani na barabarani, akakaa kwenye rundo la magunia matupu, kanga imelowa kichwani, anamngoja Lugano amrudishe mjini.

Lugano alikuja anateleza, pikipiki imejaa tope mpaka kwenye usukani. Kabla hajafika kwake, kwenye kona, akaona kitu cha kijani katikati ya mahindi ya jirani. Akasimama. Alikuwa baba yake, amesimama wima kwenye mvua, amegeukia upande wa mlima, maji yanamchuruzika kwenye masikio.

"Baba? Unafanya nini humo?"

"Punguza sauti. Yule mtoto bado yuko njiani?"

"Veronika? Yupo. Amekaa kwenye magunia."

"Nilizunguka kwa chini, nikamkuta bado anachimba. Nikazunguka kwa juu, watu wakaniambia amehamia hapo njiani. Ni mara ya pili sasa najificha."

"Si upite tu, unalowa."

Mzee akageuza kichwa, kidogo tu, akamtazama mwanawe kama mtu aliyezaa mjinga.

"Nipite wapi? Mkwe wangu amekaa njiani."

Lugano anasema hakuelewa mara moja. Alisimama na pikipiki inanguruma. Neno lilipomwingia aliangusha pikipiki pale pale kwenye tope, akakimbia.

"Vero, inuka. Toka njiani."

"Ndiyo ananifukuza?"

"Anataka kupita."

"Si apite. Mimi siyo mtu kwake."

"Angekuona siyo mtu angepita mbele yako bila habari, kama anavyompita mwanamke yeyote. Anazunguka njia na kulowa kwenye mahindi kwa sababu yako. Vero, mzee anafanya ukutila. Anakukimbia wewe."

Veronika aliinuka. Akaingia kwenye mahindi ya upande wa pili, akageuza mgongo, akainamisha kichwa. Akasikia zile buti zinakuja kwenye tope, taratibu, mwendo wa mtu mwenye shamba lake. Zilipofika sawa naye zikasimama. Prisca alikuwa anateremka na vijana, na mzee akasema naye, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Prisca. Matuta ya chini nimeyapitia mlipotoka. La kwanza limeuliwa, lakini mengine yote hayana kiazi kilichokatwa hata kimoja. Jumamosi andaa pombe ya mshenga, watu wanakwenda Makandana."

"Ndaga, kaka," akashukuru Prisca.

"Na huyo mtu aliyeko kwenye mahindi, mpe sweta kavu."

Buti zikaendelea.

Mimi nilikwenda wiki ileile na jogoo wangu mwekundu, kuomba radhi kwa mkono ule na bakuli lile, maana kosa lilikuwa la kidevu cha mtu na macho yangu. Mimi si mkwe, naweza kukaa naye. Veronika alikuwa jikoni na Prisca, mlango umefungwa. Nikamweleza Ambindwile yote kuhusu msibani, na koti, na picha iliyofumbiwa macho. Alicheka mpaka akashika mgongo.

Nikamwambia siku ile mjukuu wangu alirudi na furaha lakini usiku alilia, akisema amepata mume na hataongea tena na yule babu.

Mzee akamtazama jogoo muda mrefu.

"Mama, wazee wenzangu wote hapa Isongole hawajui wakwe zao wanacheka namna gani. Wanasikia sauti ukutani tu. Mimi nilipewa siku nzima. Huyu jogoo nitamla, lakini si kwa kosa."

Harusi ilifungwa mwezi wa saba, kanisani, baridi kali. Bwana harusi alivaa suruali aliyopunguziwa na mkewe. Baba yake alikaa benchi la nyuma kabisa, amegeukia dirishani, na maharusi walipotoka alikuwa wa kwanza kuacha njia.